Kipande cha Springi

Gari lilikuja likichechemea. Adoyo alilisikia kabla hajaliona, chuma kikisaga chuma kila tairi lilipotumbukia kwenye kishimo. Alipoinua kichwa kutoka kwenye injini aliyokuwa akiifunga, aliliona likishuka ile njia ya vumbi ya Buswelu, dogo, jeupe, upande wa kulia nyuma umelala kiasi kwamba bodi ilikuwa inakwangua tairi. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi.

Adoyo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Rorya, aliyeletwa Mwanza na mume fundi magari. Mume alipokufa, ndugu waligawana kitanda, redio na baiskeli. Spana hakuna aliyezitaka, zikabaki kwake. Mwanzoni watu walileta magari yao ili tu wamwone mwanamke amelala chali chini ya gari. Miaka tisa ilikuwa imepita na hakuna tena aliyekuja kushangaa. Walikuja kwa sababu ya shokapu, springi na bushi, maana kwa kazi za chini ya gari hapakuwa na fundi wa kumshinda mtaa ule. Kiwanja alikitumia pamoja na Mzee Shigela, mchomelea mageti, ambaye banda lake lilikuwa nyuma ya ukuta wa mabati.

Dereva alikuwa Pius Chenge, mnunuzi wa ng'ombe, mteja wake wa siku nyingi. Kwa kawaida Pius alikuwa mtu wa kusalimia kwanza, aulize watoto, aulize Shigela anaendeleaje na mgongo, ndipo aseme shida yake. Siku hiyo alishuka gari likiwa bado linanguruma.

"Fundi, acha hiyo. Nina haraka."

"Habari za asubuhi, bosi."

"Nimeingia kwenye shimo. Springi imekatika, shokapu imekufa. Vitu nimeshanunua, nimepita maduka ya Mabatini." Alifungua mlango wa mbele na kutoa maboksi mawili marefu, na springi mbili mpya zilizofungwa kwa kamba. "Badilisha zote mbili za nyuma. Nakupa saa moja."

"Saa moja haitoshi, bosi. Zile zimevishana, springi iko juu ya shokapu. Lazima nizibane, nizitenganishe..."

"Basi anza."

Kiti cha nyuma alikuwepo mkewe, Bernadeta. Adoyo alimjua kwa kumwona mara mbili tatu, mwanamke mnene wa tabasamu la haraka. Leo alikuwa amejifunika kanga mbili na ameangalia mbele kama mtu aliye kanisani. Ilibidi Adoyo amgongee kioo.

"Mama, naomba ushuke, nipige jeki."

Bernadeta alishuka. Alisimama pembeni, mikono imefichwa ndani ya kanga, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, naomba maji ya kunawa."

Adoyo alimpelekea dumu na kopo la sabuni ya unga, ile wanayotolea grisi. Bernadeta alipotoa mikono, viganja vilikuwa vyeusi, na mistari ya ngozi imekauka nyekundu hadi kwenye kucha. Maji ya kwanza yalishuka yakiwa na rangi ya kutu. Alisugua, akasugua tena. Alipomaliza aliinua macho akamtazama Adoyo, na hakuyaondoa.

Yale macho yalikuwa yanangoja kuulizwa. Adoyo aliyaelewa vizuri kabisa. Akachukua dumu lake, akageuka, akaenda kutafuta jeki.

Alipiga jeki, akalegeza nati, akavua tairi. Springi ilikuwa imekatika mzingo wa chini, na kile kipande cha mwisho hakikuwepo. Mkato ulikuwa mpya, unang'aa kama jino. Shokapu ilikuwa imepinda kwa ubavu, mafuta yametapakaa hadi kwenye diski ya breki. Shimo haliwezi kupinda shokapu namna ile. Shimo hupiga kutoka chini, na hii ilikuwa imepigwa kutoka pembeni na kitu kigumu, ukingo wa kalavati au jiwe. Kati ya mizingo iliyobaki kulikuwa na kitu kimejisokota. Adoyo alikivuta kwa koleo. Ulikuwa mkanda wa katambuga, ile ndala ya tairi wanayovaa wachunga ng'ombe, na kwenye mkanda kulikuwa na ngozi ya mguu.

Kivuli kikamwangukia begani.

"Ng'ombe," alisema Pius. Alikuwa amechuchumaa nyuma yake, karibu mno. Pumzi yake ilinuka kama ya mtu ambaye hajala. "Ng'ombe walikuwa wanavuka. Nimemgonga mmoja."

Adoyo alitazama mkanda ulioning'inia kwenye koleo. Ng'ombe havai katambuga. Wote wawili walilijua hilo.

"Sawa, bosi," alisema, akautupa mkanda kwenye ndoo ya uchafu.

Ilikuwa saa nne. Alikumbuka saa kwa sababu redio ya Shigela ilikuwa ndiyo kwanza inaanza taarifa ya habari ng'ambo ya mabati. Alijiambia kwamba fundi hutengeneza gari, haulizi limetoka wapi. Alijiambia kwamba aliyegongwa bila shaka ameshaokotwa na watu, yuko hospitali, na polisi wana kazi yao. Alijiambia mengi, lakini kilichokuwa chini ya yote kilikuwa woga. Pius alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameshika ile spana ya magurudumu yenye umbo la msalaba, anaizungusha mikononi, na jicho lake halikutoka kwa Adoyo.

Nati za juu za shokapu hufunguliwa kupitia kwenye buti. Adoyo alifungua buti. Zulia halikuwepo. Bati lilikuwa limemwagiwa maji na bado lilikuwa bichi, lakini pembeni, kwenye mikunjo ambako maji hayafiki, kulikuwa na utelezi mwekundu na nywele. Harufu ilimpanda puani. Akabana pumzi, akaingiza spana, akalegeza nati tatu za kulia na tatu za kushoto.

Alitoa shokapu zote mbili. Alizibana springi mpya kwa vibanio viwili, kimoja huku kingine kule, akikaza kwa zamu ili springi isilale upande. Hapo ndipo huwa haruhusu mtu kusimama karibu, maana springi iliyobanwa ikiponyoka humtoa mtu taya. Ameshaona. Alimwambia Pius asogee. Pius hakusogea. Alisema tu, "Fanya haraka," na baada ya dakika tano, "Bado?" na tena, "Wewe mwanamke, bado?"

Ya kushoto ilikaa. Adoyo akahamia kulia. Na hapa, kwa kuwa naye alikuwa anataka gari lile liondoke machoni pake upesi, alifanya kitu ambacho angemfokea fundi yeyote kwa kukifanya. Hakuweka stendi. Gari lilisimama kwa jeki peke yake. Alipandisha shokapu mpya, akafunga nati za juu, kisha akapiga magoti kwenye tundu la tairi, mkono wa kushoto chini ya diski kuinyanyua, wa kulia ukitafuta tundu la boliti ya chini.

Bernadeta alikuwa amekaa juu ya tairi chakavu, hatua sita hivi. Akasema, bila kumwangalia mtu:

"Alikuwa anapumua tulipomwacha."

Pius alisimama.

"Nyamaza."

"Nilikaa naye kwenye buti, nikamshika kichwa njia nzima. Aliniomba maji. Pius, ulisema tunampeleka hospitali. Ulisema..."

Alimpiga kwa ile spana ya msalaba. Hakumpiga kofi, wala hakuanza na maneno. Alizungusha chuma kama mtu anayepasua kuni, na mlio uliotoka kwenye taya la Bernadeta Adoyo aliusikia hadi kwenye meno yake mwenyewe. Mwanamke aliangukia ubavu, kanga ikafunguka, damu ikamtoka mdomoni kwa wingi. Pius akampiga teke la tumbo, akampiga la pili. Alikuwa analia huku anapiga. "Wangetuchoma! Unawajua wale! Wangetuchoma wote wawili pale pale!"

"Mwache!" Adoyo alipiga kelele. "Mzee Shigela! Mzee Shigela! Piga simu polisi, huyu ameua mtu!"

Mashine ya kukatia chuma ng'ambo ya mabati ikanyamaza. Pius aligeuka. Adoyo alimwona anakuja, akaanza kuutoa mkono, lakini mkono wa kushoto ulikuwa bado chini ya diski. Pius hakumgusa. Aliipiga jeki teke.

Gari lilishuka lote kwa mara moja. Diski ilitua juu ya vidole vyake, na chini ya vidole kulikuwa na jiwe.

"Yawa!" alilia kwa lugha ya kwao. "Yawa, mkono wangu!" Kisha hakuwa na lugha yoyote. Alikuwa amelazwa shavu kwenye vumbi lenye mafuta, na mwili mzima ulikuwa umehamia kwenye vidole viwili.

Shigela alitokea na bomba la inchi moja. Alikuwa mzee wa miaka sitini na mbili, mgongo mbovu, lakini hakusita. Alimpiga Pius begani. Pius akalinyaka bomba, akamvuta, akamgonga kwa kichwa usoni. Mzee akaenda chini, akatema jino, akainuka tena, akashika mguu wa Pius kwa mikono miwili na kuung'ang'ania huku akipigwa ngumi kisogoni. "Hutoki hapa," alikuwa anasema kati ya ngumi. "Hutoki hapa, mshenzi wewe."

Ndipo pikipiki tatu zikaingia kiwanjani.

Zilikuwa na watu sita. Wa mbele kabisa kushuka alikuwa mwanamke mwembamba, mdogo kwa Adoyo, gauni la kushindia, tope limekauka miguuni hadi kwenye magoti. Mkononi alikuwa na kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Jina lake lilikuwa Justa. Asubuhi ile, saa kumi na mbili, kaka yake Ndalahwa alikuwa akiswaga ng'ombe wanne kuwapeleka mnadani, kando ya lami inayotoka darajani Kigongo. Watu waliposikia kishindo na kufika, walikuta ng'ombe mmoja amekufa, michirizi ya damu, alama za tairi hadi kwenye ukingo wa kalavati, na kipande cha springi kilichokatika. Ndalahwa hakuwepo. Walitafuta vichakani, walipiga simu vituo vya afya vyote hadi mjini, hakuna aliyempokea. Basi Justa alikifunga kile kipande kwenye kitenge chake, akapanda pikipiki, akaanza kupita gereji moja baada ya nyingine, Usagara, Mkolani, Nyegezi, Igoma, akiuliza gari lililokatika springi ya nyuma. Pale njia panda ya Buswelu, bodaboda mmoja ndiye aliyemwambia ameona gari jeupe linachechemea.

Justa alimwona Adoyo amebanwa, alimwona Bernadeta katika damu, aliwaona wanaume wawili wanagaragazana. Alisema kwanza, "Mnyanyueni huyu mama." Watu wanne walishika bodi wakainua gari kwa mikono. Adoyo aliutoa mkono. Kidole cha kati na cha pete vilikuwa havina umbo tena.

Kisha Justa alifungua kitenge. Aliokota ile springi mbovu iliyokuwa imetupwa kwenye majani, akakiweka kipande chake kwenye mkato. Kiliingia. Kila jino la chuma lilikaa kwenye pengo lake. Justa alibaki amechuchumaa hapo, ameshikilia vile vyuma viwili kama kitu kimoja.

"Ni hili," alisema.

Hakuna aliyengoja neno lingine.

Walimtoa Pius kwenye mikono ya Shigela na kumbwaga katikati ya kiwanja. Walianza kwa mateke, wakaja na mawe, na mtu mmoja akaokota lile bomba. Watu walitoka kwenye maduka, wakatoka pale wanapooshea magari, wanawake wakaacha nyanya zao. Kwa muda mfupi walikuwa hamsini, na wengi hawakujua kosa ni nini, walijua tu kuna mtu wa kupigwa. Pius alijikunja, mikono kichwani. Jiwe moja lilimfungua paji la uso. Lingine lilimvunja kiwiko, na mkono ukaanguka kando, unaelekea usikotakiwa kuelekea. Kijana mmoja wa pikipiki alikuwa ameshachomoa mpira wa mafuta kwenye tangi na anajaza chupa ya maji. Tairi chakavu hazikuwa za kutafuta, zilikuwa zimejaa pale.

Adoyo alikuwa amejiegemeza kwenye gari, mkono umefungwa kwa tambara, macho yanaona giza na mwanga kwa zamu. Alimtazama Pius na moyo wake ukasema: mchomeni. Hakulificha hilo, wala baadaye hakulikana. Kutoka vidoleni hadi begani palikuwa pakiwaka moto, na alitaka mtu mwingine awake vile vile.

Lakini yale maneno ya Bernadeta yalikuwa bado sikioni mwake. Alimtafuta kwa macho. Bernadeta alikuwa amelala pale pale, taya limehama, hajitambui. Yule hangeweza kumwambia mtu kitu chochote leo. Aliyebaki anajua alipo yule mchunga ng'ombe alikuwa mtu mmoja tu duniani, na alikuwa anavishwa tairi.

"Justa!" Hakulijua jina, alilisikia likiitwa na wenzake. "Wewe dada! Justa! Kaka yako alikuwa anapumua!"

Kelele zilimmeza. Alijisukuma kutoka kwenye gari, akaingia kati ya migongo, akitanguliza bega, na kila aliyemgusa mkono alimtoa yowe. Alipofika kwa Justa alimkamata gauni kwa mkono mzima.

"Mkewe amesema. Walimwacha akiwa hai. Hajasema wapi. Huyu akifa, hamtampata!"

Justa alimtazama kana kwamba hamwelewi. Kisha akaelewa. Akageuka, na yule kijana alikuwa ameshainua chupa, petroli ya kwanza ikimwagika mabegani mwa Pius. Justa alimpiga kwa kile kipande cha springi kwenye kifundo cha mkono. Chupa iliruka. Kijana alipiga ukelele, maana mfupa ulivunjika, na alikuwa binamu yake wa damu.

"Anayewasha, ataanza na mimi!" Justa alisimama juu ya Pius, miguu huku na huku, petroli inamlowesha visigino, chuma mkononi. Mtu mmoja alijaribu kusogea na tofali. Justa alimpiga bega. "Nimesema! Kaka yangu yuko hai! Mnataka nani anionyeshe alipo, mkaa?"

Wakarudi nyuma hatua moja, hatua mbili. Pius alikuwa anakohoa.

Justa alichuchumaa. "Yuko wapi?"

"Nitoeni hapa kwanza," Pius alisema. Jicho moja lilikuwa limefumba. "Nipelekeni polisi, nitasema huko."

Justa aliweka ncha kali ya kipande juu ya goti la Pius, akaegemea kwa uzito wake wote.

Pius alisema. Aliipaza sauti na kila mtu alisikia: kabla ya Usagara ukitokea Kigongo, njia ya kushoto wanayochimba mchanga, hadi ziwani, kwenye mawe makubwa matatu yaliyoegemeana. Nyuma ya mawe.

Walimpakia kwenye pikipiki, amebanwa kati ya watu wawili kama gunia, tairi bado liko shingoni, na wakaondoka naye. Polisi walifika dakika kumi baadaye. Shigela aliwaelekeza njia kwa mdomo uliovimba, kisha akawapandisha Adoyo na Bernadeta kwenye bajaji na kuwapeleka hospitali.

Ndalahwa alipatikana saa nane kasoro, lakini nyuma ya mawe hawakumkuta. Nyuma ya mawe kulikuwa na damu na kofia yake. Alikuwa amejiburuta kwa viwiko, mguu mmoja umevunjika mara mbili, kupita kwenye matete, kupita kwenye mchanga, hatua kama mia moja na ishirini kuelekea njia ya watu. Aliishia kwenye mzizi mmoja, vidole vimeushika. Mwili ulikuwa bado haujakakamaa. Daktari aliyempima alisema amekufa si muda mrefu, labda saa sita, labda baada ya hapo kidogo.

Pale ufukweni wale vijana walitaka kummaliza Pius palepale majini, na walikuwa wameshamzamisha mara mbili polisi walipofyatua risasi hewani. Justa hakuwazuia safari hiyo. Alikuwa amekaa chini, kichwa cha kaka yake mapajani, anamtoa mchanga mdomoni.

Habari hizi Adoyo alizipata siku ya nne, kwa mdomo wa Justa mwenyewe. Mazishi yalikuwa yameisha jana yake. Adoyo alikuwa amekatwa vidole viwili, na kitanda cha jirani alilala Bernadeta, taya limefungwa kwa waya. Justa aliingia na kanga ya msiba, akasimama kati ya vitanda viwili. Hakumwangalia Bernadeta hata mara moja. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha Adoyo, akasimulia yote kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine, kisha akasema:

"Nimekuja kukushukuru. Bila wewe tungemzika bila kumwona."

Adoyo angeweza kusema asante na yakaisha. Lakini alikuwa amelala siku tatu anahesabu. Kutoka Buswelu hadi yale mawe ni saa moja kwa pikipiki, hata kama unasimama kuuliza njia.

"Nilijua saa nne," alisema.

"Nini?"

"Nilikuta mkanda wa katambuga kwenye springi. Una ngozi ya mguu. Niliona damu kwenye buti. Huyu mama aliniomba maji ya kunawa damu, akaniangalia nimuulize, sikumuuliza. Ilikuwa saa nne, dada yangu. Niliogopa. Nikaendelea kufunga nati."

Midomo ya Justa ilicheza bila sauti, na Adoyo alijua anahesabu naye: saa nne, saa tano, saa sita.

Kisha alimpiga. Lilikuwa kofi la mkono uliozoea jembe, lilimgeuza Adoyo uso hadi ukutani na kumpasua mdomo. Akampiga lingine, na la tatu likatua kwenye bandeji, na Adoyo akaona nyota. Muuguzi alikuja mbio, akamshika Justa mabega.

"Mwache," Adoyo alisema, damu kwenye meno. "Mwache amalize."

Lakini Justa alikuwa amemaliza. Alijitoa mikononi mwa muuguzi, akarekebisha kanga, akarudi kukaa palepale kitandani. Kitanda cha pili, Bernadeta alikuwa analia kwa taya lililofungwa, sauti inatoka puani.

"Utayasema hayo mahakamani?" Justa aliuliza mwishowe. "Hayo ya saa nne?"

"Nitayasema."

"Mbele ya mama yangu?"

"Mbele yake."

Aliyasema. Ilichukua miezi mingi hadi kesi kuitwa. Pius aliletwa mkono wake wa kushoto umekauka ukiwa umepinda, na hakumtazama mtu. Bernadeta alitangulia kutoa ushahidi, taratibu, kwa maneno yaliyoteleza kwa sababu ya taya, na hakuacha kitu. Kile kipande na springi yake vilikuwa mezani, vimefungwa lebo. Adoyo alipomaliza kuelezea shokapu iliyopinda na mkato mpya, wakili alitaka kumruhusu ashuke. Alisema bado ana neno. Akaelezea mkanda, dumu la maji, macho ya Bernadeta, taarifa ya habari kwenye redio. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hayo. Mama yake Ndalahwa, bibi mfupi wa kitambaa cheupe, alimsikiliza mwanzo hadi mwisho akiwa ameegemea bega la Justa, na Adoyo alipokuwa anatoka nje alipita mbele yake, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, mama." Yule bibi hakuitikia. Adoyo alingoja hadi goti lilipoanza kuuma, ndipo akainuka akaenda zake. Siku ya hukumu Pius alifungwa miaka mingi. Adoyo hakwenda kuisikiliza, alikuwa na gari juu ya stendi.

Amejifunza kushika boliti kwa vidole vitatu. Ni polepole, na wateja wengine wamehamia kwingine. Gari likija limevunjika kwa namna isiyoelezeka, hachukui spana kwanza. Anasimama mbele ya dereva na kumuuliza limegonga nini, wapi, saa ngapi, na nani ameumia. Wapo wanaojibu. Wapo wanaotukana, wakawasha gari na kuondoka na ubovu wao. Hao hawazuii. Anachukua chaki, anaandika namba ya gari kwenye mabati ya Mzee Shigela, kisha anapiga simu polisi.